Mama Mwenye Hemofilia: Leba Ikipita, Kazi Bado

Hotuba kwa wakunga, madaktari, wataalamu wa maabara na familia

Ndugu wakunga na madaktari, wenzetu wa maabara, akina mama, na akina baba mliofuatana nao, asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Mwanamke mwenye hemofilia, ugonjwa wa kurithi ambao damu haigandi vizuri, anapojifungua, wengi wetu hukaza macho kwenye saa ya leba. Tunaandaa dripu, tunatafuta damu ya akiba, tunamwita daktari bingwa. Mtoto akilia na kondo la nyuma likatoka bila damu nyingi, tunashusha pumzi. Siku ya pili au ya tatu tunamruhusu mama, tunampa vidonge vya kuongeza damu na tarehe ya kumleta mtoto kliniki. Ninachotaka kuwaambia ni kwamba kwa wengi wa akina mama hawa hatari kubwa huanza hapo, akiwa ameshafika nyumbani na sisi tumeshahamia kwa mgonjwa mwingine. Mpango wetu usipovuka siku ya kujifungua na kufika angalau wiki ya sita, tumefanya nusu ya kazi.

Kabla sijafika huko, kuna imani ya zamani ambayo lazima tuiondoe njiani. Mwaka 1803 daktari wa Philadelphia aitwaye John Conrad Otto aliandika habari za ukoo ambao wanaume wake walivuja damu hata kwa majeraha madogo, wengine hadi kufa. Alieleza kwamba wanawake wa ukoo ule hawaugui, ila huwarithisha wana wao. Kuhusu urithi alisema kweli. Lile la wanawake kutougua ndilo lililotuharibia, kwa sababu lilishika mizizi vitabuni, vyuoni na wodini, na hadi leo kuna mwanamke anayevuja damu huku akiambiwa kwamba yeye ni mbebaji tu, yaani mrithishaji asiyeugua.

Hemofilia A ni upungufu wa protini ya kugandisha damu iitwayo fakta ya 8. Hemofilia B ni upungufu wa fakta ya 9. Jeni za protini zote mbili zimo kwenye kromosomu X. Mwanamume ana X moja, kwa hiyo ikiwa na kasoro hana nyingine ya kumwokoa. Mwanamke ana mbili, na ndiyo maana watu walidhani ile nzima inamtosha. Lakini mwaka 1961 mwanasayansi Mwingereza Mary Lyon alieleza kwamba katika kila seli ya kike, X moja huzimwa tangu siku za mwanzo kabisa za kiinitete, na ipi izimwe ni suala la bahati. Mwanamke ambaye kwake X nzima ndiyo iliyozimwa kwenye seli nyingi hubaki na fakta kidogo. Mbebaji mmoja anaweza kuwa na asilimia 90 ya kiwango cha kawaida, mwingine asilimia 35, mwingine asilimia 8, wote ndugu wa tumbo moja, wote wakibeba jeni ileile. Takriban mmoja kati ya watatu wana kiwango kilicho chini ya asilimia 40.

Mwaka 2021 wataalamu wa kimataifa wa kuganda kwa damu walikubaliana kuyaita mambo kwa majina yake: mwanamke mwenye fakta chini ya asilimia 40 ana hemofilia, ya kiwango kidogo, cha kati au kikali, sawa na mwanamume. Nimefurahi sana kwamba tumefika hapo. Mgonjwa asiye na jina la ugonjwa hana faili, na asiye na faili hawekewi dawa kwenye friji.

Sasa twende kliniki ya wajawazito, kwa sababu ndipo tunapompata au kumpoteza. Kwenye kadi nyingi utakuta swali moja: je, una ugonjwa wa kutokwa damu? Mama anajibu hapana, na anajibu kwa moyo mweupe, kwa sababu hajui. Kila mwanamke kwao hedhi yake ni siku tisa, basi na yeye huona siku tisa ni kawaida. Swali hilo halifai. Muulize: usiku wa hedhi huamka mara ngapi kubadilisha pedi? Je, pedi hulowa ndani ya saa moja? Mabonge ya damu hutoka, na makubwa kiasi gani? Ulipong'oa jino, damu ilikata siku ile ile au ulirudi? Umewahi kupata madoa makubwa ya kuvilia damu bila kukumbuka ulipojigonga? Kisha ingia kwa ndugu zake: kaka, mjomba, mtoto wa dada. Kuna mvulana katika ukoo aliyevuja damu baada ya tohara, au anayevimba magoti mara kwa mara? Ukiuliza hivyo, dakika tano zinatosha, na baba yake akiwa na hemofilia huna hata haja ya kuuliza zaidi. Binti wa mwanamume mwenye hemofilia amebeba jeni hiyo bila shaka yoyote, kwa kuwa baba hana X nyingine ya kumpa.

Pamoja na hayo, usitulie kwa sababu tu ukoo wake ni safi. Katika hemofilia kali, karibu theluthi moja ya familia hazikuwa na mgonjwa yeyote kabla. Kasoro ilianza upya kwa mama au kwa mtoto mwenyewe.

Nawageukia wenzangu wa maabara. Kipimo cha kawaida cha kuganda kwa damu, APTT, kinaweza kutoka sawa kabisa kwa mwanamke mwenye fakta ya asilimia 35. Tena katika ujauzito hufupika zaidi. Daktari akiona APTT ya kawaida akaandika kwenye faili "hana tatizo la kuganda kwa damu", ameandika kitu ambacho kipimo hakikumwambia. Kinachotakiwa ni kupima fakta yenyewe, kwa jina lake na kwa asilimia. Na ipimwe mapema, ikiwezekana kabla ya mimba au kwenye hudhurio la kwanza, kwa sababu kadiri mimba inavyokua takwimu hubadilika.

Hubadilikaje? Hapa ndipo hemofilia A na B zinapoachana, na naomba mnisikilize kwa makini. Mwili wa mjamzito hujikinga mapema dhidi ya kuvuja damu. Fakta ya 8 hupanda, hasa miezi mitatu ya mwisho, na inaweza kufika mara mbili au zaidi ya kiwango chake cha awali. Kwa hiyo mwanamke aliyeanza mimba na fakta ya 8 ya asilimia 40 anaweza kuingia leba akiwa na 90 au zaidi, sawa na jirani yake kitandani. Fakta ya 9 haifanyi hivyo. Hukaa pale pale, au hupanda kidogo sana kiasi kisichosaidia. Mwanamke mwenye hemofilia B aliyeanza na asilimia 20 ataingia leba na asilimia 20 ile ile. Ukimwambia mama wa namna hii kwamba "ujauzito hupandisha wenyewe, usijali", umempa maneno ya mtu mwingine.

Ndiyo maana tunapima tena kati ya wiki ya 28 na ya 34. Kipimo hicho ndicho kinachotuambia nani anahitaji dawa na nani hahitaji. Kiwango tunachokitaka kwa ajili ya kujifungua, kwa ganzi ya mgongo na kwa upasuaji ni angalau asilimia 50, na vituo vingi hupendelea kukifikisha juu zaidi ya hapo wakati wenyewe wa kujifungua. Aliyefika hapo mwenyewe hana haja ya kupewa fakta. Ambaye hajafika apewe, na ajue tangu wiki ya 34 atapewa nini, kiasi gani na nani atamchoma.

Niwape mfano wa hesabu, maana nimeona watu wakiiogopa bure. Fakta ya 8 ikidungwa uniti moja kwa kila kilo ya uzito, kiwango hupanda kwa karibu asilimia 2. Fakta ya 9 hupandisha karibu asilimia 1 tu, na zile zinazotengenezwa maabara pungufu kidogo. Mama mwenye hemofilia B, kilo 70, fakta yake asilimia 20, tunataka afike 80: pengo ni 60, mara kilo 70, ni kama uniti 4,200. Mama mwenye hemofilia A wa kilo hizo hizo na pengo hilo hilo angehitaji karibu nusu yake. Baada ya hapo fakta ya 8 hupungua kwa nusu ndani ya saa 8 hadi 12, ya 9 ndani ya saa 18 hadi 24, na ndivyo tunavyojua dozi inayofuata iingie lini. Daktari wa magonjwa ya damu ndiye atakayeamua dozi, lakini mkunga wa zamu ya usiku anayeielewa hesabu hii hatashangaa akikuta dawa ya saa 4 usiku imeandikwa, wala hataiacha hadi asubuhi.

Pasipo na fakta za chupa kuna njia nyingine, na ni lazima kuzijua mipaka yake. Desmopresini humfanya mgonjwa aachilie fakta ya 8 iliyohifadhiwa mwilini mwake; kwa hemofilia B haina kazi. Pia hubakiza maji mwilini, na oksitosini, dawa ya kukaza kizazi, nayo hubakiza maji, kwa hiyo ukizichanganya na dripu za kumwaga tu, chumvi ya damu hushuka na mama anaweza kupata degedege. Mwenye shinikizo la damu la mimba linaloelekea kifafa asipewe. Kryopresipiteti, yale mashapo ya plazma (maji ya damu) ambayo Judith Graham Pool aliigundua katika miaka ya 1960, ina fakta ya 8 nyingi lakini haina fakta ya 9. Kumpa mama wa hemofilia B kryopresipiteti ni kumpoteza muda akiwa anavuja. Yeye, kama chupa hazipo kabisa, plazma iliyohifadhiwa kwa barafu ndiyo yenye fakta yake.

Tumefika leba. Pengine mnashangaa kwa nini wanawake wengi wenye fakta kidogo hujifungua bila kumwaga damu nyingi papo hapo. Sababu ni msuli. Mwishoni mwa mimba damu inayopita kwenye kizazi ni zaidi ya nusu lita kila dakika, na kondo likibanduka, kinachoziba mishipa ile kwanza ni kizazi chenyewe kujikaza na kuikamua. Kazi hiyo haihitaji fakta yoyote. Kwa hiyo kwa mama huyu, kuliko mama mwingine yeyote, kizazi kisilegee: oksitosini itolewe mtoto anapotoka, kondo litoke lote, kizazi kishikwe na kusikilizwa kama kimekaza, kibofu kisijae. Michaniko ya msamba ishonwe mapema na kwa umakini. Njia isiongezwe ila kwa sababu ya kweli.

Kuna kitu kimoja kidogo ambacho huniumiza sana nikikikuta. Kwa mazoea oksitosini huchomwa kwenye paja, na baadaye mama huchomwa diklofenaki kwenye tako kwa ajili ya maumivu. Kwa mwanamke mwenye fakta chini ya 50 sindano ya msuli inaweza kuvilia damu ndani, tako likavimba na kuwa gumu, ngozi ikageuka zambarau, akashindwa kukaa amnyonyeshe mtoto. Na diklofenaki yenyewe, kama ibuprofeni, hudhoofisha chembe sahani, zile chembe za damu zinazoziba jeraha, yaani mlinzi wa pili baada ya fakta ambayo tayari imepungua. Oksitosini ipite kwenye mshipa, polepole. Maumivu yatulizwe kwa parasetamoli, na ikibidi dawa kali zaidi za kunywa au za mshipa. Jambo hili halihitaji mashine wala bajeti. Linahitaji karatasi yenye herufi kubwa juu ya kitanda: HAKUNA SINDANO YA MSULI.

Ganzi ya mgongo inawezekana ikiwa fakta imefika kiwango na mchomaji ni mzoefu. Watu husahau mrija. Kuutoa mrija wa ganzi ni hatari sawa na kuuweka, na pengine siku ya kuutoa fakta imeshaanza kushuka. Ipimwe au ipewe kabla ya kuuvuta.

Upasuaji kwa kila mama wa aina hii siuungi mkono. Kujifungua kwa njia ya kawaida bila kulazimisha ni salama kwa walio wengi, na kisu kina hatari zake za kuvuja na za kuganda. Ninachokipinga ni ukaidi: leba inayokwama, hatua ya pili inayovutwa saa baada ya saa, kisha mtoto kuvutwa kwa vakyumu, kile kifaa kinachonyonya na kushika kichwa chake. Kama mtoto ni wa kiume, ana nafasi moja kati ya mbili ya kuwa na hemofilia. Vakyumu ni marufuku kwake. Koleo za kumzungusha pia, na vile vifaa vinavyochomekwa kwenye ngozi ya kichwa kupima mapigo au kuchukua damu. Kuvuja damu ndani ya fuvu hutokea kwa watoto wachache tu wenye hemofilia wakati wa kuzaliwa, lakini anayenusurika anaweza kuishi na ulemavu. Afadhali upasuaji ulioamuliwa mapema kuliko vakyumu ya kukata tamaa. Ndiyo sababu napenda mama ajue kabla kama amebeba mvulana, kwa kipimo cha damu yake mwenyewe au kwa ultrasaundi. Na kama jinsia haijulikani, tumhesabu mtoto kuwa wa kiume mwenye hemofilia hadi ithibitike vingine.

Sasa nisogee upande wa pili, ambao hausemwi vya kutosha. Tunaposikia hemofilia tunafikiri damu isiyoganda, kisha tunasahau kwamba mama huyu pia ni mzazi, na wazazi hugandisha damu. Ujauzito huongeza hatari ya donge la damu kwenye mishipa ya miguu au mapafu mara 4 hadi 5, na kilele chake ni wiki za kwanza baada ya kujifungua. Upasuaji, unene, umri mkubwa, kulala kitandani, maambukizi, vyote huongeza. Mbebaji wa hemofilia A ambaye fakta yake imepanda hadi asilimia 150 au 200 mwishoni mwa mimba hana kinga yoyote dhidi ya donge. Ukimpa tena fakta ya chupa "ili tuwe salama", bila kupima, umemsukuma upande wa pili wa shimo. Nimesema bila kupima, na nakazia hapo. Dawa ya kugandisha hutolewa kwa namba.

Kwa hiyo tathmini ya donge ifanywe kwake kama kwa kila mzazi, na iandikwe pembeni ya tathmini ya kuvuja. Aamke kitandani mapema, anywe maji ya kutosha, avae soksi za kubana miguu ikiwa yuko kwenye hatari. Heparini, dawa ya kuzuia donge, haikatazwi moja kwa moja: ikiwa fakta imesimama juu ya 50 na sababu za donge ni nyingi, wataalamu wawili, wa uzazi na wa damu, wanaweza kukubaliana kuitoa na kuisimamisha fakta inaposhuka. Vivyo hivyo aspirini ya dozi ndogo ambayo baadhi ya wajawazito hupewa kuzuia kifafa cha mimba. Isianzishwe kimya kimya na mtu mmoja. Mguu mmoja unaovimba na kuuma kwenye misuli ya nyuma, au kifua kinachobana na pumzi kuwa fupi ghafla, vichunguzwe siku hiyo hiyo. Nimewahi kusikia mtu akisema "huyu ana hemofilia, hawezi kuwa na donge". Anaweza.

Turudi kwa mama aliyeruhusiwa. Fakta yake ya 8 iliyopanda kwa miezi mitatu inashuka, na kwa kawaida ndani ya wiki moja hadi tatu imerudi ilipokuwa kabla ya mimba. Wakati huohuo, kati ya siku ya saba na ya kumi na nne hivi, gamba lililofunika jeraha la kondo ndani ya kizazi huanza kubanduka. Mambo mawili yanakutana: jeraha linafunguka na kinga inapungua. Wa hemofilia B hakuwa na kinga tangu mwanzo, na dozi alizopewa hospitali zimeshaisha. Ndiyo maana damu ya kuchelewa, ile inayokuja baada ya saa 24 za kwanza na inayoweza kuja hadi wiki ya kumi na mbili, huwatembelea hawa zaidi kuliko wanawake wengine.

Tena huja vibaya, kwa sababu haiji kwa kishindo. Haba na haba. Mama anaona damu ya nifasi imepungua siku ya tano, siku ya tisa imerudi nyekundu. Anabadilisha pedi, ananyonyesha, analala. Siku ya kumi na mbili amechoka, anajiambia ni kukesha na mtoto. Akisimama anaona giza, na watu wa nyumbani wanamwambia mzazi yeyote huwa hivyo. Akifika kwetu hemoglobini ni 6.

Basi tufanye nini? Kwa aliyehitaji fakta, kiwango kisiachwe kushuka chini ya 50 kwa siku tatu angalau baada ya kujifungua kwa kawaida, na siku tano baada ya upasuaji. Kisha asidi ya traneksamiki. Dawa hii iligunduliwa Japani na Utako Okamoto na mumewe Shosuke, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 1962. Utako alitamani itumike kuokoa wanawake wanaovuja damu baada ya kujifungua, na ikapita zaidi ya nusu karne kabla ya utafiti mkubwa wa WOMAN, uliohusisha wanawake zaidi ya 20,000 katika nchi 21, kuonyesha mwaka 2017 kwamba hupunguza vifo vya kuvuja damu baada ya uzazi, hasa ikitolewa ndani ya saa tatu. Haitengenezi donge, hulinda lile lililokwisha kujiumba lisiyeyuke mapema. Kwa mama anayemwaga damu hudungwa gramu moja polepole kwenye mshipa, na nyingine kama damu haijakata baada ya nusu saa. Kwa mama wetu wa hemofilia, vidonge vyake viende naye nyumbani, kwa kawaida gramu moja mara tatu au nne kwa siku, hadi damu ya nifasi ipungue kabisa. Ananyonyesha bila wasiwasi. Aliyewahi kupata donge la damu ndiye wa kujadiliwa kwanza.

Na afundishwe kupima, maana neno "nyingi" kila mtu hulielewa kwake. Wodini tupime pedi kwenye mizani: gramu moja zaidi ya uzito wa pedi kavu ni mililita moja ya damu. Nyumbani aambiwe hivi: pedi ikilowa ndani ya saa moja na nyingine ikafuata, njoo. Bonge kubwa likitoka, njoo. Damu iliyokwisha kufifia ikirudi nyekundu, piga simu hata kama ni kidogo. Ukiona kizunguzungu, moyo ukienda mbio, usisubiri kuche. Mume au dada anayekaa naye asikie maneno hayo kwa masikio yake kabla ya kutoka wodini. Sisi nasi tumpigie siku ya tano, tumpigie siku ya kumi na nne, na tumpime fakta na hemoglobini akirudi.

Karatasi ya mpango iwe mkononi mwa mama. Naisisitiza hii kwa sababu leba haichagui hospitali, na faili lililofungiwa kabatini upande mwingine wa mji halimsaidii mtu. Karatasi moja tu: aina ya hemofilia, kiwango cha mwisho na tarehe yake, dawa na dozi, yanayokatazwa, jina la mtaalamu wa damu na simu yake, na mstari wa mwisho kuhusu mtoto.

Kuhusu huyo mtoto, nitakwenda haraka. Damu ya kupima fakta ichukuliwe kwenye kitovu, isichomwe kwenye mshipa mkubwa wa mtoto. Fakta ya 8 chini huonekana siku ya kwanza. Fakta ya 9 huwa chini kwa kila mtoto mchanga, kwa hiyo hemofilia B ndogo haiwezi kuthibitishwa hadi kipimo kirudiwe miezi kadhaa baadaye. Majibu yakisubiriwa, vitamini K itolewe kwa mdomo, tohara isubiri, na akichomwa kisigino pabanwe dakika kadhaa. Mtoto anayekataa kunyonya, aliyelegea, aliyepauka au mwenye utosi uliotuna achunguzwe kichwa mara moja, na kama leba ilikuwa ngumu asisubiri dalili. Mtoto wa kike naye asisahauliwe kwa sababu ni wa kike. Apimwe kabla ya operesheni yoyote na kabla hajavunja ungo.

Kabla ya maswali kuna jambo la mwisho, adimu, ambalo limewahi kuwapoteza hata mabingwa. Mwanamke asiye na hemofilia wala ukoo wa hemofilia anaweza, wiki au miezi baada ya kujifungua, kutengeneza kingamwili zinazoishambulia fakta yake mwenyewe ya 8. Anapata madoa makubwa ya damu chini ya ngozi, au damu ya uzazi isiyokata hata baada ya kusafishwa kizazi. APTT yake ni ndefu, na ukichanganya plazma yake na ya mtu mwenye afya haijirekebishi. Huyo asirudishwe tena chumba cha upasuaji. Apelekwe kwa mtaalamu wa damu siku hiyo hiyo, kwa sababu fakta ya kawaida mara nyingi haitamfaa. Anahitaji dawa zinazopita njia nyingine ya kugandisha, na nyingine za kuzima kingamwili.

Sasa naomba tuanze na maswali ya wakunga wa zamu ya usiku, kisha ya akina mama. Walioleta majibu ya vipimo vyao, nitabaki hapa tuyasome pamoja.